Onyo Lifike Mwaloni Kabla ya Jua Kuzama

Mhadhara wa wazi kuhusu usanifu wa teknolojia ya tabianchi kwa watu wa Ziwa Victoria



Vyombo vya kukabili mabadiliko ya tabianchi vinaongezeka katika mwambao wetu. Mwanza ina rada ya hali ya hewa. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hutoa utabiri mahsusi kwa ajili ya ziwa letu. Taa za sola zimeingia kwenye mitumbwi, na visiwani kuna mitambo ya umeme jua. Nimekuja na hoja moja kuhusu vyombo hivi vyote. Kazi yake huwa haijakamilika mpaka mtu aliye mbele ya uamuzi aweze kuvitumia, kwa wakati unaofaa, kwa simu aliyonayo na kwa kipato alichonacho. Kusanifu matumizi hayo ni sehemu ya kuokoa maisha. Kunastahili bajeti, vipimo na heshima ileile tunayoipa rada.

Nitajikita zaidi katika onyo la dhoruba, kwa kuwa hapo kosa la usanifu hulipiwa kwa roho ya mtu.

Ziwa na usiku wake

Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na karibu nusu yake iko Tanzania. Ukubwa huo unalifanya ziwa lijitengenezee hali ya hewa yake lenyewe. Mchana jua hupasha joto nchi kavu haraka kuliko maji. Hewa ya nchi kavu hupanda, upepo huvuma kutoka ziwani kuelekea ufukweni, na mawingu makubwa hujengeka juu ya vilima vinavyolizunguka ziwa. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa, maji hubaki na joto lake, na pepo kutoka pande mbalimbali za ufukwe hukutana juu ya ziwa. Hewa yenye unyevu hupanda hapo, ikazaa radi, mvua na upepo wa ghafla. Ndiyo maana dhoruba nyingi za ziwa hili hupiga kati ya usiku wa manane na asubuhi.

Dagaa nao huvuliwa usiku, tena usiku wa giza, kwa sababu taa huwavuta vizuri zaidi mwezi usipokuwepo. Saa za riziki na saa za dhoruba ni zilezile. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, lakini aliye katikati ya ziwa usiku wa giza, macho yamezoea mwanga wa taa zake, hayaoni mawingu mpaka yamemfikia.

Tunakoelekea ni kugumu zaidi. Mwaka 2016 Wim Thiery na wenzake walichapisha katika jarida la Nature Communications utafiti kuhusu dhoruba za ziwa hili. Walionesha kwamba joto la dunia likiendelea kupanda, hadi mwisho wa karne mvua za kupindukia juu ya ziwa zitaongezeka nguvu kwa kiwango kinachokaribia mara mbili ya ongezeko la nchi kavu inayolizunguka.

Taifa linakumbuka meli ya MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996, na kivuko cha MV Nyerere, kilichopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Ni haki tuzikumbuke. Mtumbwi wa dagaa unapozama na vijana wanne, bendera ya taifa haishushwi nusu mlingoti. Msiba huishia kijijini, na mara nyingi hata daftari la kuuandika halipo. Kwa miaka mingi mashirika ya kimataifa yametaja makadirio ya vifo kati ya 3,000 na 5,000 kila mwaka katika ziwa zima, kwa nchi zote tatu zinazolizunguka. Upana wa makadirio hayo peke yake unatuambia jinsi tulivyowahesabu watu hawa kwa mbali.

Uamuzi wa saa kumi jioni

Sasa tusogee mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapofungwa, saa kumi jioni, tumwangalie mtu ambaye onyo limeandikwa kwa ajili yake.

Tajiri, yaani mwenye chombo, anatafuta petroli, na huenda fedha amekopa kwa mnunuzi wa dagaa. Nahodha anakagua mashine. Vijana wanapanga nyavu na kufunga taa. Giza la mwezi huu limebakiza siku chache, na usiku ambao chombo hakikuingia majini ni hasara isiyofidiwa mpaka giza lijalo. Simu ya nahodha imefungwa ndani ya mfuko wa nailoni isilowe, na chaji iliyobaki anaitunza ili ampigie tajiri alfajiri. Ukifungua ujumbe wake utakuta matangazo ya vifurushi na bahati nasibu, moja juu ya jingine. Mtumbwi ukishasogea mbali na pwani, mtandao hupotea.

Katika picha hii fupi kuna masomo mengi ya usanifu. La kwanza ni wakati. Onyo likifika kabla petroli haijanunuliwa, kubaki nchi kavu kunamgharimu tajiri usiku mmoja wa mavuno. Likifika baada ya hapo, kunamgharimu mavuno na petroli pia. Likifika saa mbili usiku, linaweza lisimkute mtu kwenye mtandao. Utabiri uleule, wenye usahihi uleule, unaweza kuwa na thamani kubwa au usiwe na thamani kabisa kutegemea saa uliyotumwa. Tumezoea kusema tahadhari kabla ya hatari. Kwa mvuvi wa dagaa, tahadhari inatakiwa itangulie hata ununuzi wa mafuta.

La pili ni mwamuzi. Kijana anayevuta nyavu haamui peke yake. Nahodha anaweza kuona hatari, lakini tajiri yuko Kirumba, mjini Mwanza, na anasubiri mzigo. Ujumbe ukimfikia nahodha peke yake, tumempa mzigo wa kubishana na mwajiri wake. Ukiwafikia wote wawili kwa maneno yaleyale, mazungumzo yao yanabadilika. Na kama onyo limetundikwa mwaloni kwa bendera, au limetangazwa kwa kipaza sauti cha BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa uvuvi mwaloni, kila mtu akaliona na kulisikia, hata kijana wa mwisho katika mtumbwi anapata nguvu ya kusema hapana. Usanifu mzuri humpa aliye dhaifu mahali pa kusimama.

Mtaalamu wa Marekani Donald Norman, ambaye kitabu chake cha mwaka 1988 kuhusu usanifu wa vitu vya kila siku kimesomwa na wasanifu wengi duniani, alitetea msimamo huu: watu wengi wanapokosea kwa namna ileile, kichunguze kwanza kifaa. Nawaomba tuuchukue msimamo huo. Nimesikia mara nyingi wavuvi wakiitwa wabishi wasiosikia utabiri. Kabla ya kutamka hivyo, tuuchunguze utabiri wenyewe kwa macho yao.

Ujumbe mmoja, namna mbili

Nimetunga mfano ili tuuchunguze pamoja. Chukulieni ujumbe huu:

“Taarifa ya hali ya hewa Ziwa Victoria. Kuanzia 21:00 tarehe 14 hadi 06:00 tarehe 15 kunatarajiwa vipindi vya mvua vinavyoambatana na radi na upepo mkali unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2 katika baadhi ya maeneo ya ziwa. Watumiaji wa ziwa wanashauriwa kuchukua tahadhari.”

Kila neno hapo ni la kweli. Lakini ujumbe mfupi wa simu hubeba herufi 160, kwa hiyo maneno haya yatakatwa vipande, na kwenye simu ndogo hatari yenyewe inaweza kuangukia kipande cha pili. Saa zimeandikwa kwa mtindo wa kompyuta, unaoanza kuhesabu usiku wa manane, wakati saa zetu zinaanza jua linapochomoza na linapozama. Mtu anayesoma 06:00 kama saa sita amekosea kwa saa sita kamili. Usiku mmoja wa kazi umegawanywa katika tarehe mbili. “Baadhi ya maeneo” haimwambii mtu wa kisiwa cha Kome kama anahusika yeye au mtu wa Ukara. Na “kuchukua tahadhari” kunamwachia msomaji kazi ngumu kuliko zote, yaani kujua afanye nini.

Sasa tuuandike upya:

“HATARI LEO USIKU, Ukerewe na Ukara. Radi na upepo mkali kuanzia saa 3 usiku hadi saa 12 asubuhi. Usitoke. Ukiwa majini, rudi kabla ya saa 2 usiku.”

Ujumbe huu una herufi zisizofika 150, kwa hiyo unaingia katika kipande kimoja. Neno la kwanza ni hatari, la pili ni wakati, kisha mahali, kisha tendo. Kasi ya upepo kwa kilomita tumeiacha, kwa kuwa nahodha hana kipimo cha kilomita kwenye mtumbwi. Anachojua ni chombo chake kinahimili upepo wa namna gani. Wanafunzi wa kompyuta mnaonisikiliza, kazi hii ya kuondoa, kupanga na kuchagua ni uhandisi kamili. Ifanyeni kwa bidii ileile mnayoiweka katika kuandika programu.

Rangi nazo tuziangalie. TMA hutoa maonyo kwa ngazi: angalizo kwa njano, tahadhari kwa rangi ya machungwa, na tahadhari kubwa kwa nyekundu. Kwenye ramani iliyochapwa au simu janja ngazi hizi zinasomeka kwa haraka. Kwenye ujumbe mfupi rangi haipo, na kwenye redio haisikiki. Kwa hiyo ngazi ileile inahitaji sura nyingine: bendera mwaloni, neno la kwanza la ujumbe, na mlio au sauti maalumu redioni.

Yaliyokwisha kufanyika

Hatuanzi mwanzo. Mwaka 2011, katika visiwa vya Kalangala upande wa Uganda, Idara ya Hali ya Hewa ya nchi hiyo ilishirikiana na Shirika la Hali ya Hewa Duniani, WMO, pamoja na kampuni za simu, kujaribu kuwatumia wavuvi maonyo kwa ujumbe mfupi. Ngazi za hatari zilifuata rangi za taa za barabarani, na kila ngazi ilikuwa na ushauri wake. Jaribio hilo lilithibitisha kwamba simu ndogo isiyo na intaneti inaweza kuwa chombo cha tahadhari.

Kisha ukaja mradi wa HIGHWAY, ulioanza mwaka 2017 chini ya WMO kwa fedha za Uingereza, ukazihusisha taasisi za hali ya hewa za nchi za Afrika Mashariki, TMA ikiwemo. Upande mmoja uliimarisha utabiri wa dhoruba, rada ya Mwanza ikiwa moja ya nguzo zake. Upande wa pili uliwaketisha wataalamu pamoja na wavuvi na watumiaji wengine wa ziwa wauandae utabiri kwa pamoja. Ukatoka utabiri wa ziwa unaotolewa mara mbili kwa siku, uliogawanywa kwa maeneo na vipindi vya siku. Mwaka 2022 Rita Roberts na wenzake, katika makala ya kisayansi kuhusu mradi huo, walikadiria kuwa vifo vinavyotokana na hali ya hewa ziwani vilipungua kwa takriban asilimia 30. Hata kwa tahadhari tunayopaswa kuwa nayo mbele ya kila kadirio, funzo liko wazi: wavuvi walipoingia katika chumba cha kuandalia utabiri, utabiri ulianza kuokoa watu.

Hapa Mwanza tunalo pia shirika la EMEDO, ambalo kwa miaka ya karibuni limefanya kazi ya kuzuia vifo vya kuzama maji katika jamii za wavuvi. Dunia nayo imeahidi. Machi 2022 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, alitangaza lengo la kumfikishia kila mtu duniani tahadhari ya mapema ifikapo mwisho wa 2027. Lengo hilo litapimwa kwa watu wa Kome na Ukara kama litakavyopimwa kwa watu wa Tokyo.

Imani hujengwa asubuhi yake

Kuna jambo moja ambalo naona halijapewa uzito wake. Dhoruba za ziwa ni za mahali. Dhoruba inaweza kupiga Ukara vibaya huku Kome kukiwa shwari. Mvuvi wa Kome aliyebaki nyumbani kwa sababu ya onyo anaamka asubuhi anaona maji yametulia, jirani yake aliyetoka amerudi na ndoo zimejaa. Hasara yake ni ya kweli. Yakimpata hayo mara mbili tatu, ujumbe wa nne hataufungua, na huenda huo wa nne ndio wenye mauti.

Dawa yake ni kumrudia asubuhi. Kila onyo lifuatwe na ujumbe mfupi wa kueleza kilichotokea: jana usiku dhoruba ilipiga kaskazini mwa Ukerewe, haikushuka hadi Kome. Rada inajua. Maofisa wa zamu wanajua. Mvuvi akipewa taarifa hiyo ataona kuwa onyo halikuwa uongo, na atajifunza mwenyewe namna dhoruba zinavyosafiri. Vilevile apewe njia ya kujibu. Nahodha aliyekutana na upepo mkali saa nane usiku ana taarifa ambayo hakuna kituo cha upimaji katikati ya maji kilichoiandika. Namba fupi ya bure, isiyodai salio, inatosha kuipokea. Mawasiliano yakienda pande zote mbili, mvuvi anakuwa mshirika wa sayansi, na utabiri wa kesho unanufaika.

Anika, anua

Tumezungumza kuhusu waendao majini. Mama anayewanunua dagaa alfajiri anahitaji utabiri mwingine kabisa. Yeye haulizi upepo. Anauliza kama kuna mvua kati ya saa mbili asubuhi na saa tisa alasiri, hapo anapoanika. Dagaa walioanikwa wakinyeshewa huharibika na bei yake huporomoka, na wengi huishia kuwa chakula cha kuku. Mwenye vichanja anaweza kufunika haraka kidogo. Aliyeanika chini juu ya mchanga hana cha kufanya.

Kwa mama huyu ujumbe wa saa kumi na moja alfajiri, kabla hajapanga bei na wenye mitumbwi, una faida kuliko ramani nzuri ya jioni. Akijua mvua inakuja atanunua kidogo, au atajadili bei, au ataandaa chumvi. Mara nyingi simu iliyosajiliwa kwenye orodha ya wavuvi wanaotumiwa ujumbe si yake. Orodha ikiandikwa kwa kuhesabu wenye mitumbwi tu, nusu ya uchumi wa dagaa imeachwa nje. Msanifu anapokuja mwaloni, akae pia kwenye vichanja.

Taa na umeme

Somo hilihili linahusu vifaa vya nishati. Mwaka 2013 Tim Gengnagel, Philipp Wollburg na Evan Mills walichapisha matokeo ya majaribio ya taa za LED pamoja na wavuvi wa usiku wa Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika, ili zichukue nafasi ya karabai za mafuta ya taa. Taa ya nyumbani haiwezi kupelekwa ziwani ikategemewa. Inatakiwa ihimili mvua na mawimbi, ikae juu ya kielea bila kupinduka, imulike eneo pana, idumu usiku kucha, na iweze kutengenezwa na fundi wa kijijini. Masharti hayo yote anayajua mvuvi, na anayetengeneza taa bila kumuuliza atayajua baada ya kuuza.

Kisiwani Ukara, katika kijiji cha Bwisya, kampuni ya JUMEME ilizindua mtambo wa umeme jua mwaka 2016. Umeme wa malipo ya kabla unafundisha jambo moja muhimu. Uniti ni kipimo cha mhandisi. Mwenye jokofu la samaki anataka kujua shilingi alizolipa zitamfikisha saa ngapi, na kuhakikishiwa kwamba salio likikaribia kuisha atajulishwa kabla samaki hawajaharibika.

Ninachopendekeza

Nahitimisha kwa mapendekezo ambayo yanaweza kuanza kutekelezwa katika mkoa huu bila kusubiri mtambo mpya.

Kila onyo la ziwa lisomwe kwa sauti mbele ya wavuvi na kina mama wa mwalo usiopungua mmoja kabla muundo wake haujapitishwa, na waulizwe watafanya nini wakilipata. Wasipojibu kwa tendo, liandikwe upya. Saa zote ziandikwe kwa saa za Kiswahili, na usiku mmoja uitwe usiku mmoja. Kila mwalo uwe na bendera ya hali ya ziwa, na mtu wa BMU anayelipwa posho ya kuipandisha kabla ya saa tisa alasiri. Taarifa ya asubuhi ya kueleza kilichotokea iwe wajibu wa kudumu. Orodha ya wapokeaji iwe na matajiri, manahodha na wachakataji, kila mmoja kwa ujumbe wake.

Zaidi ya yote, tubadilishe kipimo. Ripoti zetu huhesabu ujumbe uliotumwa. Tuhesabu mitumbwi iliyobaki pwani usiku wa onyo, na mitumbwi iliyorudi salama. BMU wanaweza kuiandika hesabu hiyo kila jioni na kila asubuhi katika daftari la kawaida, nasi tukajua kama kazi yetu imefanya kazi.

Kwenu wanafunzi: mtakapoajiriwa, mtaombwa kujenga programu kwa ajili ya watu ambao hamjawahi kukaa nao. Kabla hamjakubali, ulizeni nani atakitumia chombo hiki, saa ngapi, mkono wake ukiwa umeshika nini, na akielewa vibaya nini kitampata. Majibu yake hayapatikani ofisini. Yako Igombe, Kayenze, Nansio na Bwisya, umbali wa nauli ya basi au kivuko tu, kwa watu ambao wako tayari kuwafundisha mkienda kwa adabu na kwa masikio.